Kukua kwa Tezi Dume Uzeeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Yanayotokea Ndani ya Seli

Wanaume wengi hufika kliniki wakiwa wamekwisha kuamka mara tatu au nne kila usiku kwa miaka kadhaa, wakidhani ni baridi au ni umri tu. Wakishaambiwa kwamba tezi dume imekua, swali linalowatoka upesi ni "nimekosea wapi?" Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili yao na kwa ajili ya watoto wao wanaowasindikiza, pamoja na wanafunzi wa tiba wanaotaka kuielewa hali hii kuanzia kwenye seli. Jibu fupi la swali lao ni kwamba hawakukosea popote: tezi hukua kwa sababu ishara zilezile zilizoijenga tangu tumboni mwa mama huendelea kusikika baada ya ujenzi kumalizika, huku seli zinazopaswa kufa zikichelewa kufa.

Tezi dume iko wapi, na kazi yake ni nini?

Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na ndiyo maana daktari anaweza kuigusa kwa kidole. Kwa kijana mzima ina uzito wa takriban gramu 20. Mrija wa mkojo hupita katikati yake kama uzi upitavyo ndani ya ushanga, na jambo hilo moja la umbile ndilo linaloleta karibu matatizo yote yatakayotajwa hapa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa, pamoja na protini ya PSA ambayo huyalainisha majimaji hayo baada ya kutoka.

Watu husema tezi "imevimba". Je, ni uvimbe wa namna gani?

Si uvimbe wa usaha wala wa maji, na si kwamba kila seli imekuwa kubwa kuliko zamani. Kilichoongezeka ni idadi ya seli. Ukiipasua tezi iliyotolewa kwa upasuaji na kuikata kwa kisu, unaona vinundu vya mviringo, vingine vidogo kama punje ya mtama na vingine vikubwa kuliko njugu, vimesongamana kuuzunguka mrija wa mkojo. Vingine ni vigumu na vyeupe, vinanyumbuka kama mpira. Vingine vina rangi ya manjano na ukivibonyeza hutoa majimaji kama maziwa. Tofauti hiyo ya rangi na ugumu ina maana. Vinundu vyeupe vimejaa seli za kiunzi, yaani misuli laini na nyuzi zinazoishikilia tezi; vinundu vya manjano vimejaa seli za tezi zenyewe, zile zinazotoa majimaji.

Chini ya hadubini picha huwa wazi zaidi. Vifuko vya tezi huonekana vimejikunjakunja, kila kimoja kikiwa kimezungukwa na tabaka mbili za seli: za ndani zikiwa ndefu na zenye kutoa majimaji, za nje zikiwa bapa na zenye kushikilia msingi. Katikati ya vifuko hukutwa vijiwe laini vya rangi ya waridi, ambavyo ni majimaji yaliyoganda. Kati ya kifuko na kifuko, misuli laini huzunguka kama ukili uliosukwa. Katika tezi ya kawaida eneo la kiunzi huwa takriban mara mbili ya eneo la seli za tezi. Katika tezi iliyokua na kuleta dalili, uwiano huo hukaribia tano kwa moja. Kwa hiyo ugonjwa huu, ingawa unaitwa wa tezi, kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa kiunzi.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba seli hizi hazigawanyiki kwa kasi ya kutisha. Idadi ya seli katika kiungo chochote hutegemea mizani ya mambo mawili, kuzaliwa na kufa. Kila seli ina mpango wa kujizima unaoitwa apoptosisi, na katika tezi iliyokua mpango huo hudhoofika: protini kama Bcl-2, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isijizime, hupatikana kwa wingi katika seli za tezi hiyo. Upungufu mdogo wa vifo, ukirudiwa kila siku kwa miaka 30, unatosha kuizidisha tezi mara mbili au tatu.

Je, ni hali ya kawaida kiasi gani?

Uchunguzi wa maiti uliokusanywa na kuchapishwa Marekani mwaka 1984 haukuona vinundu hivi kwa wanaume wasiofikisha miaka 30. Kwa walio kati ya miaka 51 na 60 vilikutwa kwa takriban nusu yao, na kwa waliovuka 80 vilikaribia asilimia 90. Si wote hao walikuwa na dalili.

Testosteroni hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Mbona tezi inakua wakati homoni inashuka?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na lilichukua karibu karne nzima kujibiwa.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa mkali. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa upasuaji wa Philadelphia aitwaye J. William White alipendekeza kuwahasi wazee waliozibwa mkojo, na mwaka 1895 alikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 100 ambao wengi wao tezi zilisinyaa. Ushahidi mwingine ulitoka China: mwaka 1960 madaktari wa Beijing waliwapima wazee 26 waliokuwa matowashi wa jumba la kifalme, na kwa 21 kati yao tezi dume haikuweza kuhisika kwa kidole. Kwa hiyo ilikuwa dhahiri kwamba bila korodani hakuna tezi ya kukua. Hata hivyo, kijana wa miaka 20 ana testosteroni nyingi kuliko babu yake, na tezi ya kijana haikui hivyo. Homoni ni lazima iwepo, lakini wingi wake peke yake hauelezi kitu.

Ufunguo ulipatikana katika kijiji cha Salinas nchini Jamhuri ya Dominika. Huko waliishi watoto waliozaliwa wakiwa na maumbile ya nje yaliyofanana na ya kike, wakalelewa kama wasichana, kisha walipobalehe sauti zao zikawa nzito, misuli ikajengeka na uume ukakua. Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha maelezo yao mwaka 1974 katika jarida la Science: watoto hao walikuwa na testosteroni ya kutosha, ila walikosa kimeng'enya kimoja, 5-alfa-reduktesi, kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi iitwayo dihidrotestosteroni, au DHT kwa kifupi. Walipokuwa watu wazima, wanaume hao walikuwa na misuli na sauti ya kiume, lakini tezi dume zao zilibaki ndogo sana.

Hapo jambo likaeleweka. Misuli na sauti huitii testosteroni yenyewe. Tezi dume huitii DHT. Aina ya pili ya kimeng'enya hicho hukaa kwa wingi ndani ya seli za kiunzi cha tezi dume, ambako huendelea kuibadilisha testosteroni inayoletwa na damu, hata kama damu yenyewe ina testosteroni pungufu. Ndiyo sababu kiwango cha DHT ndani ya tezi ya mzee hubaki karibu na cha ujana wake. Kisima kinaweza kushuka maji huku mtungi wa nyumba moja ukiwa bado umejaa, kwa kuwa nyumba hiyo haijaacha kuteka.

Kwa hiyo haifai kusema kwamba DHT "inasababisha" ukuaji kama kiberiti kinavyowasha moto. Inaufungulia mlango. Kinachoingia kupitia mlango huo baada ya miaka 40 ni mambo mengine yanayoelezwa hapa chini.

DHT ikishatengenezwa, inafanya nini ndani ya seli?

Ndani ya seli kuna protini iitwayo kipokezi cha androjeni, yaani cha homoni za kiume kama testosteroni na DHT, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa maana kwamba kila mwanamume ameipata kutoka kwa mama yake. Kipokezi hiki hukaa kimetulia nje ya kiini, kikiwa kimeshikiliwa na protini walinzi. DHT ikikigusa, kinabadilika umbo, kinaachana na walinzi wake, kinaungana na kipokezi kingine na kuingia ndani ya kiini, ambako hushikamana na maeneo maalumu ya DNA na kuamuru jeni fulani zisomwe. Testosteroni pia inaweza kukishika kipokezi hicho, lakini hukiachia upesi, ilhali DHT hukishika kwa nguvu zaidi na kukaa muda mrefu. Miongoni mwa jeni zinazowashwa kwa njia hii ni ile ya PSA. Ndiyo maana kipimo cha PSA hupanda tezi inapokua, hata pasipo saratani yoyote.

Seli za kiunzi na seli za tezi huwasiliana vipi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na binafsi naamini kwamba anayeielewa sehemu hii ameuelewa ugonjwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, Gerald Cunha na wenzake nchini Marekani walifanya majaribio kwa kuunganisha tishu za panya wachanga. Walichukua kiunzi kutoka kwa panya mmoja na seli za tezi kutoka kwa mwingine, wengine wakiwa ni panya wasio na kipokezi cha androjeni kinachofanya kazi. Kiunzi kilipokuwa na kipokezi, tezi dume ilijengeka, hata kama seli za tezi zenyewe hazikuwa nacho. Kiunzi kilipokosa kipokezi, hakuna tezi iliyojengeka, hata kama seli za tezi zilikuwa nacho. Maana yake ni kwamba amri ya kukua haiendi moja kwa moja kutoka kwenye homoni hadi kwenye seli za tezi. Homoni huzungumza na kiunzi, kisha kiunzi huzungumza na jirani yake.

Lugha ya mazungumzo hayo ni protini ndogo ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kiunzi hutoa FGF-7 na FGF-10, ambavyo huzifikia seli za tezi na kuziamuru zigawanyike. Hutoa pia IGF, kichocheo kinachofanana na insulini, pamoja na FGF-2, ambacho huchochea kiunzi chenyewe. Upande wa pili kuna TGF-beta, ambacho katika tezi yenye afya huzizuia seli za tezi zisigawanyike ovyo na kuzikumbusha kufa kwa wakati. Lakini TGF-beta kina sura mbili: hicho hicho huzigeuza seli za nyuzi kuwa seli zenye tabia ya misuli, zinazojikaza na kutandika kolajeni, protini ya nyuzi ngumu. Kwa hiyo mizani ya vichocheo ikiyumba, kiunzi hunenepa na kukakamaa, na kikinenepa hutoa vichocheo vingi zaidi, na seli za tezi zinazokua huhitaji kiunzi kingine cha kuzishikilia.

Kwa nini vinundu huota katikati, karibu na mrija, na si kwingineko?

Mtaalamu wa patholojia John McNeal aliichora tezi dume upya kwa kuigawa katika kanda. Kanda ya mpito, inayouzunguka mrija wa mkojo, ni takriban asilimia 5 tu ya tishu ya tezi kwa kijana, lakini vinundu karibu vyote huanzia humo. Mwaka 1978 McNeal alipendekeza kwamba kinundu ni kuamka upya kwa uwezo wa kiunzi cha kiinitete: kiunzi cha mzee hurudia kazi ya kujenga tezi ambayo kiliifanya kabla mtoto hajazaliwa. Vichipukizi vipya vya tezi vinavyoonekana ndani ya vinundu vichanga vinaafikiana na wazo hilo. Mwaka 2018 watafiti wa Dallas waliosoma jeni za seli mojamoja walikuta katika tezi dume, hasa karibu na mrija, aina za seli zinazofanana na zile za njia ya hewa ya mapafu. Hizi si seli za kawaida za kutoa majimaji, na zinatufundisha kwamba eneo la mrija lina wakazi wake.

Je, mwanamume naye ana estrojeni? Inahusikaje?

Anayo, na ni muhimu. Kimeng'enya cha aromatesi, kilicho kwenye mafuta ya mwili na hata ndani ya tezi dume yenyewe, huigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Umri unaposonga, testosteroni hushuka kuliko estrojeni, na uwiano kati yake hubadilika. Ndani ya tezi kuna vipokezi viwili vya estrojeni vyenye kazi zinazopingana: kipokezi cha alfa, kilichoko zaidi kwenye kiunzi, huchochea ukuaji, kipokezi cha beta, kilichoko zaidi kwenye seli za tezi, huuzuia na kusaidia apoptosisi. Majaribio kwa mbwa, mnyama ambaye naye hukuza tezi dume uzeeni, yalionyesha kwamba estrojeni pamoja na androjeni hukuza tezi kuliko androjeni peke yake.

Nimeambiwa nina "inflamesheni" kwenye tezi. Ni maambukizi?

Mara nyingi si maambukizi. Inflamesheni ni hali ya seli za kinga kumiminika mahali na kutoa kemikali za kupeana habari. Katika utafiti mkubwa uliochukua vinyama vya tezi kutoka kwa wanaume zaidi ya 8,000, zaidi ya robo tatu yao walikuwa na inflamesheni sugu, na wengi hawakuwa na homa wala maumivu. Kinachoonekana ni seli za T na makrofaji zimejikusanya kuvizunguka vifuko vya tezi.

Kemikali zinazotolewa na seli hizo, kama interleukini-6, interleukini-8 na interleukini-17, si za kupigana vita tu. Interleukini-8 huchochea seli za kiunzi zitengeneze FGF-2 na kugawanyika. Seli za tezi zilizozeeka, ambazo zenyewe haziwezi tena kugawanyika, hazinyamazi. Nazo hutoa interleukini-8 na kuwachochea majirani zao. Mkusanyiko huu hula oksijeni nyingi, na tishu ikikosa oksijeni ya kutosha seli za kiunzi huitikia kwa kutoa vichocheo zaidi, kikiwemo VEGF kinachoita mishipa mipya ya damu. Wanaume wenye inflamesheni ya namna hii huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzibwa mkojo ghafla.

Kitambi na kisukari vina uhusiano wowote?

Vina uhusiano. Insulini ikiwa juu muda wote, mwili hupata IGF nyingi inayofanya kazi, na IGF ni kichocheo cha seli za tezi dume. Mafuta ya tumboni huongeza aromatesi na pia hutoa kemikali za inflamesheni. Mwanamume anayepunguza kitambi hawezi kukifuta kinundu kilichokwisha kuota, lakini anapunguza mambo yanayokilisha.

Je, hali hii hurithiwa?

Kwa sehemu, ndiyo, hasa kwa wale ambao tezi zao hukua sana mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ndugu wa kiume na wana wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza miaka 65 walikuwa na hatari ya kufanyiwa upasuaji huo karibu mara nne zaidi ya watu wengine. Hakuna jeni moja inayobeba lawama. Kuna tofauti nyingi ndogo za DNA, kila moja ikichangia kidogo.

Je, hugeuka kuwa saratani?

Hapana. Vinundu hivi huota katika kanda ya mpito, ilhali saratani nyingi huanzia kanda ya pembeni, na vinundu havina mabadiliko ya jeni yanayojirudia kama yale yanayoisukuma saratani. Seli zake hubaki mahali pake na haziingilii viungo vingine. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo kipimo kisikwepwe kwa sababu ya jibu hili.

Husababishwa na kufanya tendo la ndoa kupita kiasi, au kutolifanya?

Hapana. Wala si adhabu, na wala si matokeo ya ugonjwa wa zinaa wa ujanani. Nimewaona wazee waliokaa kimya na mkojo uliojaa kwa sababu ya kuogopa swali hili tu.

Mbona jirani yangu ana tezi kubwa na hana shida, na mimi yangu ni ndogo na sipati usingizi?

Kwa sababu kizuizi kina sehemu mbili. Moja ni wingi wa tishu, ambao haubadiliki kati ya asubuhi na jioni. Nyingine ni mkazo wa misuli laini, ambao hubadilika kila saa. Neva hutoa noradrenalini, ambayo hushika vipokezi vya alfa-1A juu ya seli za misuli. Ndani ya seli kalsiamu hupanda, kimeng'enya cha kinesi huamshwa, nyuzi za aktini na miosini huvutana, na mrija unabanwa. Katika miaka ya 1970 Marco Caine wa Jerusalem alionyesha kwamba vipande vya tezi dume hujikaza vikiguswa na kemikali za aina hii, na kwamba dawa za kuzuia vipokezi hivyo huwasaidia wagonjwa. Mtu mwenye tezi ndogo yenye misuli mingi iliyokazwa anaweza kuteseka kuliko mwenye tezi kubwa iliyolegea. Kuna pia suala la mahali: kinundu kidogo kinachochomoza kuelekea ndani ya kibofu huziba mlango kama kizibo.

Kwa nini dawa moja hufanya kazi kwa siku chache na nyingine kwa miezi?

Kwa sababu zinagusa sehemu mbili tofauti za kizuizi kilichoelezwa hapo juu. Tamsulosini, alfuzosini na silodosini huzuia vipokezi vya alfa vya noradrenalini (si kile cha estrojeni), misuli inalegea, na mgonjwa huona nafuu ndani ya siku chache; ukubwa wa tezi haubadiliki. Baadhi ya wanaume hupata kizunguzungu wanaposimama ghafla, na wengine huona shahawa hazitoki kama zamani. Anayetarajia upasuaji wa mtoto wa jicho ni lazima amwambie daktari wa macho kwamba anatumia au amewahi kutumia dawa hizi, kwa sababu hulegeza pia misuli ya mboni.

Finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, ni mtoto wa ugunduzi wa Salinas: huzuia aina ya pili ya 5-alfa-reduktesi na kushusha DHT ya damu kwa takriban asilimia 70. Dutasteridi huzuia aina zote mbili na kuishusha kwa zaidi ya asilimia 90. DHT ikikosekana, seli za tezi hurudi kujizima, na tezi hupungua kwa takriban robo. Lakini seli hazifi kwa siku moja, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa asubiri miezi sita. Wengi huziacha mwezi wa pili wakisema hazifai, na hilo hunisikitisha kwa sababu lingezuilika kwa maelezo ya dakika tano. Kwa baadhi ya wanaume dawa hizi hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa kabla hajaanza. Pia hushusha PSA kwa takriban nusu. Anayepimwa akiwa kwenye dawa hizi matokeo yake huzidishwa kwa mbili, la sivyo saratani inaweza kujificha nyuma ya namba inayoonekana nzuri.

Utafiti wa MTOPS uliochapishwa mwaka 2003, wenye wanaume 3,047, ulionyesha kwamba kuunganisha doksazosini, ambayo ni dawa ya alfa, na finasteridi hupunguza hatari ya hali kuendelea kuwa mbaya kwa asilimia 66, zaidi ya kila dawa ikitumiwa peke yake. Tadalafili nayo hutumiwa: hurefusha maisha ya GMP-mzunguko, kemikali inayoleta ulegevu, ndani ya seli za misuli laini na hivyo kuzilegeza kwa njia nyingine kabisa.

Na magome ya muiri?

Mti uitwao Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, huota katika misitu ya nyanda za juu, kuanzia Mlima Kenya na Kilimanjaro hadi Kivu na Kamerun, na dawa iliyotokana na gome lake imeuzwa Ufaransa kwa miongo mingi. Maabarani, dondoo la gome huzuia seli za nyuzi zisiitikie FGF-2 na hupunguza baadhi ya kemikali za inflamesheni, kwa hiyo si jambo la kubezwa. Mapitio ya majaribio 18 yenye wanaume 1,562 yaliona kwamba kuamka usiku kulipungua kwa takriban moja ya tano. Majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, na yalitumia dondoo lililopimwa kiwandani. Gome linalochemshwa sufuriani halina kipimo, na unga unaouzwa sokoni huweza kuwa wa mti mwingine kabisa. Biashara ya mti huu inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa CITES tangu 1995, kwa sababu ukiuchuna gome kuuzunguka shina lote, mti hufa.

Kibofu chenyewe huathirika?

Huathirika sana. Kibofu kikisukuma dhidi ya mrija uliobanwa, misuli yake hunenepa kama ya mbeba mizigo, na ukutani huonekana mihimili na vishimo. Baadaye kolajeni huchukua nafasi ya misuli, neva hupungua, na kibofu huwa na papara au hulegea kabisa. Anayechelewa mno huweza kufunguliwa njia na bado asiweze kukojoa vizuri. Mkojo uliosalia huleta mawe na maambukizi, na ukirudi juu huharibu figo.

Kwa nini mtu huzibwa mkojo ghafla, na hufanywa nini?

Mara nyingi kuna kichokoo kilichokuja juu ya tezi iliyokua tayari. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini huviamsha vipokezi vya alfa vilevile vilivyoelezwa hapo juu, na mlango hufunga. Baadhi ya dawa za mzio na za usingizi hudhoofisha msukumo wa kibofu. Kufunga choo, maumivu na ganzi ya upasuaji mwingine huweza kuleta matokeo hayohayo. Mtu aliyezibwa asinywe maji zaidi wala asikandwe tumbo. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo ili awekewe mpira wa mkojo. Mpira ukishakaa, kwa kawaida huanzishiwa dawa ya alfa kwa siku mbili au tatu kabla ya kuutoa, ili siku utakapotolewa misuli ya mlango iwe imelegea na mkojo upate njia.